Kilele juu ya sado

*Gulioni Ziba, wilayani Igunga, punje chache zinazozidi ukingo wa kopo zina swali ndani yake. Ni swali lile lile waliloligombania wapagazi wa Unyamwezi, wakulima wa pamba na watunga sheria.*

ZIBA, Tabora. Kijana amechuchumaa juu ya turubai, sado yake katikati ya magoti. Mbele yake yuko mama mwenye kiroba cha choroko, na kazi ya mama ni kumimina tu. Choroko zinashuka, kopo linajaa mpaka ukingoni, na mama anasita.

Kijana hasiti. Anazungusha viganja vyake kwenye mdomo wa kopo, vidole vikigusana, kama mtu anayejengea kisima ukuta. Mama anaelewa. Anaendelea kumimina ndani ya ukuta ule wa mikono, na juu ya sado panaota kichuguu cha kijani.

"Imejaa, mwanangu."

"Bado, mayu. Kilele hakijakaa."

Kilele kikishakaa, kijana anaondoa mikono taratibu, anainua sado na kuimimina kwenye gunia lake. Punje zilizoteleza pembeni zimeangukia kwenye turubai. Turubai ni lake. Hakuna anayeziokota kuzirudisha, wala mama hazidai. Wanahesabu pamoja kwa sauti: moja. Kisha wanaanza ya pili.

Nilisimama pale hadi sado ya kumi na mbili, daftari mkononi. Mdomo wa sado ni mpana kiasi cha shubiri moja pungufu kidogo, na ujazo wake ni lita 4. Nafaka ikimwagwa hulala kwa mteremko wake yenyewe, haisimami wima. Ukipiga hesabu ya mteremko huo, kichuguu cha kawaida juu ya sado hukaribia sehemu moja ya kumi ya kopo zima. Kwa ukuta wa mikono huzidi hapo. Kwa maneno mengine, mkulima anayeuza sado 10 zenye kilele ameuza 11 na kulipwa 10.

Baadaye kidogo, kijana akiwa ameshafunga gunia, akaja binti wa miaka kama tisa, bakuli mkononi, ametumwa choroko za mboga. Mama yule yule akachota, akajaza, akaweka kilele bila kuombwa, kisha akaongeza konzi moja juu yake. Binti akapiga goti kidogo, akashukuru, akaondoka akitembea kwa uangalifu ili zisimwagike.

Kilele ni kile kile, choroko ni zile zile, na mkono uliomimina ni ule ule. Lakini mara ya kwanza mama alikunja uso na mara ya pili alitabasamu. Tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Tele na mfuto

Kiswahili kiliiona tofauti hii zamani, kikaipa majina. Wazee wa pwani walikuwa na kibaba cha tele na kibaba cha mfuto. Cha tele ni kile kilichojazwa hadi kikawa na kilele. Cha mfuto ni kile kilichopitishiwa mkono au kijiti juu ya ukingo, kilichozidi kikafutwa, kikabaki sawa na mdomo wa chombo.

Kwa hiyo mnunuzi wa zamani hakutosheka kuuliza kibaba ni bei gani. Ilibidi aulize ni kibaba gani. Neno moja lilibeba bei mbili, na wote wawili walijua wanapatana juu ya kitu gani.

Sisi tumebaki na vyombo, majina tumeyapoteza. Sado imechukua jina kutoka kwenye makopo ya rangi ya Sadolin. Debe lilianzia kwenye makopo ya mafuta ya taa. Jirani zetu wa Kenya wana gorogoro. Vyote hivi ni vyombo vilivyokuja na kitu kingine ndani, tukavigeuza vipimo, na hakuna kati yake kilichokuja na neno la kusema kama kijazwe kwa tele au kwa mfuto. Ndiyo maana ugomvi huanza upya kwenye kila turubai.

> *Neno moja lilibeba bei mbili, na wote wawili walijua wanapatana juu ya kitu gani.*

Kibaba chenyewe hakijafa kabisa. Kila mwisho wa Ramadhani kinafufuka: zaka ya fitri huhesabiwa kwa pishi, yaani vibaba vinne, na wengi siku hizi huifanya kilo 2 na nusu. Kwa siku moja au mbili, watu wanaopima kwa sado mwaka mzima hukumbuka tena kwamba kipimo ni ibada.

Chakula cha siku moja

Ziba iko kaskazini-mashariki ya mji wa Tabora, si mbali na Nkinga yenye hospitali inayojulikana nchi nzima. Haikuwa kituo kikuu cha misafara. Njia kubwa kutoka Bagamoyo ilipita Ugogo, ikavuka pori la Mgunda Mkali na kuingia Unyanyembe. Lakini misafara iliyofika Tabora ilikula, na walichokula kililimwa katika vijiji vya Unyamwezi, vile vya njiani na vile vya pembeni.

Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu watoke pwani. Katika maandishi ya safari za wakati ule, kipimo kinachojirudia ni kibaba: kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu mmoja kwa siku moja. Ni kama gramu 700. Hiyo ndiyo iliyokuwa posho, na ndiyo maana ya kwanza ya neno hilo kabla halijaingia kwenye kumbi za vikao.

Fikiria basi uzito wa kilele katika maisha ya mpagazi. Mtu amebeba frasila mbili za pembe au vitambaa, karibu kilo 32, na juu yake mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Jioni anasimama kwenye foleni ya posho. Kibaba cha tele kinamtosha mpaka kesho. Cha mfuto kinamtosha kwa kujibana. Kilichobonyezwa kitako hakimtoshi, na kesho mzigo haujapungua.

Wapagazi wa Kinyamwezi hawakuwa watu wa kunyamaza juu ya jambo hilo. Posho ikipunguzwa waligoma, waliweka mizigo chini, wengine waliondoka usiku. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya wapagazi wa Tanganyika, anawaonyesha kuwa wafanyakazi wenye desturi zao za kazi, waliojua haki ya mzigo na haki ya posho. Mimi nasoma hapo kitu zaidi. Watu wale walijua kwamba heshima ya mtu inaweza kupimwa kwa kopo, na kwamba anayekubali kupunjwa punje leo atapunjwa siku nzima keshokutwa.

Hongo lilivyobadilika

Kuna neno jingine la msafara ambalo limekaa nasi, na historia yake inaueleza ugomvi wa Ziba kuliko sheria yoyote. Neno hilo ni hongo.

Wakati wa misafara, hongo lilikuwa ada ya kupita. Mgeni akiingia katika nchi ya mtemi alitoa vitambaa, shanga, waya au majembe, naye akapewa njia na maji. Wanyamwezi walioshuka pwani walibeba majembe ya chuma ili walipie Ugogoni. Lilikuwa jambo la wazi. Lilijadiliwa mchana, mbele ya watu, hata kama mjadala ulichukua siku tatu na kila upande ukalalamika.

Leo neno hilo hilo linatajwa kwa kunong'ona, maana yake rushwa. Kilichobadilika ni nini? Naona ni hiki: kitu kilichokuwa kikitolewa kikawa kinadaiwa, na kilichokuwa kikidaiwa hadharani kikawa kinadaiwa gizani. Kutoka zawadi hadi ada, kutoka ada hadi kunyang'anywa, hakuna siku moja ambayo mtu angeweza kuinyooshea kidole na kusema hapa ndipo tulipopotea.

Kilele cha choroko kimepita njia hiyo hiyo. Kilianza kama nyongeza, ile konzi ambayo muuzaji anamwekea mnunuzi ili arudi tena. Nyongeza ilikuwa ya muuzaji, alitoa akipenda. Kisha ikawa desturi. Kisha desturi ikawa dai. Sasa kijana anajenga ukuta wa mikono, na mama asipoujaza anaambiwa hajui biashara.

> *Kilianza kama nyongeza. Kisha ikawa desturi. Kisha desturi ikawa dai.*

Mchuuzi naye ana lake

Haitakuwa haki kumfanya kijana yule mwizi na kuondoka. Wachuuzi wa gulioni wana hoja, nami nimezisikiliza.

Ya kwanza ni uchafu. Choroko huja na maganda, vumbi na mawe, na nyingine hazijakauka sawasawa. Anayenunua leo atazipepeta na kuzianika, na zitakapokauka zitapungua. Kilele, wanasema, ni fidia ya kile kitakachopotea.

Ya pili ni mnyororo. Mchuuzi mdogo naye anamuuzia mwenye ghala kwa mizani au kwa debe la mwenye ghala, na huko naye anapigwa. Asipochukua kilele kijijini, atakitoa mfukoni mwake mjini.

Ya tatu ndiyo nzito zaidi. Wakulima wengine nao wana mbinu zao. Wapo wanaouza rejareja kwa kopo lililobonyezwa kitako. Wapo wanaomimina taratibu sana ili punje zikae kwa ulegevu na kopo lionekane limejaa. Wanunuzi nao wanajua kulitikisa ili zishuke. Wapo wanaotanua ndoo ya plastiki kwa maji ya moto, na hao mara nyingi ni wanunuzi. Kila mmoja anamfanyia mwenzake, na kila mmoja anasema mwenzake ndiye aliyeanza.

Hoja hizi nazikubali kama maelezo. Kama hukumu, hapana. Choroko chafu zina dawa yake, nayo ni kupunguza bei mbele ya mwenye mali, kwa maneno, ili akubali au akatae. Kilele hakimpi nafasi ya kukataa. Kinamwambia bei ni ile ile huku kikiichukua upande.

Na mwisho wa mnyororo ule ni nani? Kila mtu anamsukumia mwenzake hasara mpaka imfikie asiye na wa kumsukumia. Mama mwenye kiroba kimoja hana mtu chini yake isipokuwa udongo.

Gunia lenye kilemba

Kilele cha sado kina kaka yake mkubwa, naye ni lumbesa. Gunia linajazwa, mdomo unaongezewa wavu au kipande cha gunia jingine, linashindiliwa tena, linashonwa likiwa na kilemba. Gunia la mahindi la kawaida huhesabiwa debe sita. La lumbesa huenda saba na hata nane, na bado linaitwa gunia moja.

Sheria ya Vipimo Na. 20 ya mwaka 1982 inakataza, na Wakala wa Vipimo umekuwa ukirudia mwaka hadi mwaka kwamba mazao yauzwe kwa mizani, gunia lisizidi kilo 100, na kwamba ndoo, visado na makopo si vipimo halali vya biashara. Lumbesa inakamatwa leo, kesho inapakiwa tena.

Haifi kwa sababu karibu kila gharama ya njiani huhesabiwa kwa gunia. Nauli ya lori ni kwa gunia. Ujira wa kupakia ni kwa gunia. Ushuru nao mara nyingi umekuwa ukihesabiwa kwa gunia, ingawa tangu mwaka 2017 sheria inautaja kwa asilimia ya thamani, 2 kwa mazao ya chakula na 3 kwa ya biashara, na anayesafirisha isiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine haupaswi kumgusa. Maadamu kinachohesabiwa ni idadi ya magunia, kila mtu atataka magunia machache makubwa.

Na kuna mtu ambaye hatajwi kabisa katika ugomvi huu: kuli. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 liliweka kilo 55 kuwa kikomo cha mzigo anaobeba mwanamume kwa mwili wake. Mpagazi wa Unyamwezi alibeba kilo 32 za bidhaa na kuukataa mzigo uliozidi. Mjukuu wake anapanda ubao wa lori na zaidi ya kilo 100 mgongoni, shingo imeinama, jasho linadondoka kwenye vumbi. Hatua zake ni chache, ni kweli. Lakini anazirudia kutwa nzima.

Nilimtazama mmoja akishusha gunia. Hakulitupa. Alipiga magoti kwanza, akageuka, akaliegemeza kwenye mlundikano kama mtu anayemlaza mgonjwa. Hiyo ni kazi ya mtu anayejua mgongo wake ni mmoja.

Mshale wa mzani

Atakayesema punje ni jambo dogo, na asome historia ya pamba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa walichoka na mizani ya wanunuzi. Walilima, wakachuma, wakabeba, kisha wakasimama mbele ya mzani usioujua ukweli. Dai lao la kwanza halikuwa uhuru wala katiba. Walitaka mtu wao asimame pembeni ya mzani na kuutazama mshale. Wakaweka wapimaji wao kwenye vituo vya kununulia. Kutokana na hapo vikazaliwa vyama vya msingi, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya ushirika lililojulikana kwa kifupi chake VFCU, likiongozwa na Paul Bomani, ambaye baadaye akawa Waziri wa Fedha wa nchi huru. Shirikisho hilo lilikuja kuhesabiwa miongoni mwa makubwa ya aina yake barani Afrika.

Serikali ilivifuta vyama vya ushirika Mei 1976, ikavirudisha kwa sheria ya mwaka 1982, mwaka ule ule wa Sheria ya Vipimo. Chama kikuu cha Igunga kinaitwa Igembensabo, jembe ndilo mali. Kizazi kilichochagua jina hilo kilijua mali inaanzia wapi. Kilijua pia, kwa uchungu, kwamba kati ya jembe na mali kuna mzani.

Tabora ina kisa kingine, kidogo zaidi, nami nakipenda zaidi. Baada ya kutoka Makerere mwaka 1945, Julius Nyerere alifundisha shule ya St. Mary's mjini Tabora hadi alipokwenda Edinburgh mwaka 1949. Katika miaka hiyo alifanya kwa muda mfupi kazi ya kukagua bei kwa niaba ya serikali. Aliingia madukani, akatazama kinachotozwa, akaandika ripoti za udanganyifu alioukuta. Ripoti zake zilipopuuzwa, akaiacha kazi ile.

Mwalimu kijana, duka hadi duka, akiuliza bei. Sidai kwamba Azimio la Arusha lilizaliwa mbele ya kaunta ya duka la Tabora. Lakini mtu aliyeona kwa macho yake senti zikipotea, kisha akaona wakubwa hawajali, hakuhitaji kitabu kumweleza unyonyaji ni nini.

Punje ngapi?

Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, Eubulides wa Miletus, anahesabiwa kuwa ndiye mwanzilishi wa fumbo hili: punje moja ya nafaka si lundo. Ukiongeza moja, bado si lundo. Kama punje moja haiwezi kamwe kuleta tofauti, lundo linaanza lini? Wanafalsafa wamelisumbukia hadi leo.

Mama wa Ziba anaishi ndani ya fumbo hilo kila siku ya gulio. Hakuna punje ambayo angeweza kuinyooshea kidole na kusema hii ndiyo wizi. Ile ya kwanza juu ya ukingo? Ni aibu kugombania punje. Ya pili? Vivyo hivyo. Anayepunja anajificha ndani ya aibu hiyo. Anategemea kwamba mtu muungwana hatagombania kidogo, na kidogo baada ya kidogo kinakuwa gunia.

Waswahili walijibu bila kuandika kitabu: haba na haba hujaza kibaba. Tumezoea kuusema msemo huu tunapowahimiza watoto kuweka akiba. Usomwe pia upande wa pili, upande wa kiroba kinachopungua.

Dini zilizoingia Unyamwezi nazo hazikuliona jambo hili kuwa dogo. Waislamu waliokuja na misafara walikuja na Qurani ambayo sura yake ya 83 imepewa jina la wapunjao vipimo. Wamisionari waliowafuata walikuja na kitabu ambacho Mambo ya Walawi, sura ya 19, kinaamuru mizani ya haki na vipimo vya haki. Huo wote ni mfuto. Kisha Luka 6:38 inazungumzia kipimo cha kujaa hadi kufurika, na hiyo ni tele. Lakini angalia inazungumza na nani. Inazungumza na anayetoa. Hakuna mahali ilipomruhusu anayepokea kuzungusha mikono kwenye ukingo.

Ulaya nayo ilipita hapa. Mwanahistoria wa Poland Witold Kula, katika kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya vipimo na watu, alionyesha jinsi mabwana wa mashamba walivyopokea nafaka ya wakulima kwa kipimo chenye kilele na kuuza kwa kipimo kilichofutwa. Wengine walibadilisha chombo tu: ujazo ule ule, mdomo mpana zaidi, kwa kuwa mdomo ukiwa mpana kilele kinakuwa kikubwa. Mwaka 1789 wakulima wa Ufaransa walipoandika malalamiko yao kabla ya mapinduzi, kilio cha kipimo kimoja kwa wote kilijirudia kutoka jimbo hadi jimbo. Mwaka 1795 Ufaransa ikatunga sheria ya gramu na mita. Kilo tunayoitumia leo ina ndani yake hasira ya watu wa vijijini waliopunjwa kwa kilele.

Mizani peke yake haitoshi

Wapo watakaosema basi jibu liko wazi: leta mizani, choma visado. Katika miaka ya karibuni choroko, dengu na ufuta vimeingizwa kwenye stakabadhi ghalani, mfumo wenye sheria yake tangu mwaka 2005. Mkulima anapeleka mazao kwenye chama cha msingi, yanapimwa, yanauzwa kwa mnada, analipwa baadaye.

Kwa mwenye magunia ishirini, hilo ni jema, nami naliunga mkono. Kwa mama mwenye kiroba kimoja ambaye mtoto wake ana homa leo, neno "baadaye" ndilo tatizo. Anamfuata kijana mwenye sado kwa sababu kijana ana noti mfukoni. Kilele ni bei anayolipa kwa kutoweza kusubiri, na hiyo haipimwi na mzani wowote. Ndiyo maana namwona mkononi mwa mchuuzi akijua anapunjwa, na bado anamimina.

Na mizani ikija, isije kumfuta mama yule wa konzi ya mwisho. Siku mtoto aliyetumwa na bakuli atakapopimiwa gramu kwa gramu, punje ya ziada ikiondolewa kwa kidole, tutakuwa tumepata haki na kupoteza ujirani. Mfuto ni haki ya kila mtu na unapaswa kulindwa na sheria. Tele ni hisani, na mwenye hisani ni mwenye mali peke yake. Lumbesa na ukuta wa mikono ni wizi wa vyote viwili: unachukua mali ya mtu na unamnyang'anya nafasi ya kuitoa kwa hiari yake.

Haya yanayowezekana si makubwa. Halmashauri ya Igunga iweke kwenye kila gulio mzani mmoja wa bure, uliopigwa chapa na Wakala wa Vipimo, mahali penye kivuli, na mtu wa kuusoma kwa sauti. Ushuru na ujira wa kupakia uhesabiwe kwa kilo, ili pasiwe na faida ya kulivika gunia kilemba na makuli wapumzishwe migongo. Vyama vya msingi vitenge fedha kidogo ya kumlipa papo hapo anayeleta kiroba kimoja. Na pale ambapo sado itaendelea kutumika, kwa maana itaendelea, pawe na kijiti juu yake, kipite mbele ya macho ya wote wawili, na kishikwe na mwenye mali.

Nilipokuwa naondoka Ziba jua limeshainama, mama alikuwa amekunja kiroba chake, kitupu, na kukiweka kichwani juu ya kitenge. Alikuwa ameuza sado 31 kwa kijana. Kwa hesabu ya kilele, tatu zaidi ya hizo hakulipwa.